Namna ya Kufuta Akiba na Vidakuzi vya Kivinjari Bila Kupoteza Unavyovihitaji

Mtu akifika katika duka la kompyuta la Wandegeya, Arua au Busia na kulalamika kwamba ukurasa wa kuombea pasipoti haufunguki, au kwamba tovuti ya kulipia kodi inamrudisha kila mara pale pale pa kuandika neno la siri, ushauri wa kwanza anaopewa ni kufuta kila kitu kilichomo kwenye kivinjari. Ushauri huo huondoa tatizo mara nyingi, lakini pia humpotezea mtu vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote, na kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi humwacha akiamini kwamba amejilinda ilhali hajajilinda. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kwenye kifaa chako mwenyewe ufute kile tu kinacholeta shida, na kwenye kifaa cha watu wote ufute kikamilifu na kwa mpangilio unaofaa.

Kivinjari kinahifadhi nini

Kivinjari ni programu unayofungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox, Safari, Edge au Opera Mini. Kila unapotembelea tovuti, programu hiyo huacha vitu ndani ya simu au kompyuta yako, na vitu hivyo si vya aina moja.

Cha kwanza ni akiba. Hizi ni nakala za picha, nembo, aina za herufi, na faili zinazouelekeza ukurasa uonekaneje na vitufe vyake vifanye nini. Seva ya tovuti, yaani kompyuta inayoitunza tovuti na kuituma kwako, hukiambia kivinjari nakala hizo zitumike kwa muda gani, na muda huo ukiisha kivinjari huuliza kama faili imebadilika. Kama haijabadilika, seva hujibu kwa ujumbe mfupi wenye namba 304, na faili haitumwi upya. Ndiyo maana tovuti uliyoizoea hufunguka haraka kuliko siku ya kwanza, na ndiyo maana pia hula bando dogo zaidi. Kwetu Uganda, ambako tangu Julai 2021 data ya intaneti hutozwa kodi ya asilimia 12, kufuta akiba yote bila sababu ni kukubali kununua tena, pamoja na kodi yake, vitu ambavyo tayari vilikuwa ndani ya simu.

Akiba huleta shida pale wenye tovuti wanapobadilisha kurasa zao huku kivinjari kikiendelea kutumia nakala za zamani. Ukurasa basi huwa nusu mpya na nusu wa zamani: maandishi yanapandana, orodha ya wilaya haishuki unapoigusa, au kitufe cha kutuma fomu hakijibu hata ukikibonyeza mara ngapi.

Cha pili ni vidakuzi, ambavyo wengi huviita kuki. Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti hukipa kivinjari kiyatunze na kuyarudisha kila kinapoiomba kitu tovuti hiyo, na kwa kawaida ukubwa wake hauzidi baiti 4,096. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa sababu seva kwa asili yake haikumbuki kwamba ombi la sasa limetoka kwa mtu yule yule aliyeomba dakika moja iliyopita. Bila vidakuzi ungelazimika kuandika neno lako la siri katika kila ukurasa.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo linalobeba uzito wa mambo mengi yatakayofuata. Ukishaingia kwenye akaunti, seva hukipa kivinjari mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, na kuanzia hapo haiulizi tena neno la siri. Inaangalia mfululizo huo tu. Kwa hiyo kidakuzi cha kuingia ni kama karatasi ya namba anayopewa mwenye mzigo kwenye stendi ya basi: yeyote atakayeileta atakabidhiwa mzigo. Mtu anayekaa kwenye kompyuta uliyoiacha bila kutoka kwenye akaunti hahitaji kulijua neno lako la siri hata kidogo.

Vipo vidakuzi vinavyokusudiwa kufutika kivinjari kinapofungwa, na vipo vyenye tarehe ya mwisho. Chrome, tangu mwaka 2022, haikubali tarehe inayozidi siku 400. Vipo pia vidakuzi vya watu wa nje, yaani vya kampuni za matangazo zilizopachika vitu vyao ndani ya tovuti unayoisoma ili zikufuatilie kutoka tovuti moja hadi nyingine. Safari huvizuia vyote tangu mwaka 2020, na Firefox tangu mwaka 2022 huvitenga ili kila tovuti ivione vyake tu.

Cha tatu, ambacho watu wengi hawakijui, ni data ya tovuti: hifadhi kubwa kuliko kidakuzi ambamo tovuti huweka rasimu, mipangilio, na hata kazi nzima uliyoifanya ukiwa nje ya mtandao. Katika vivinjari vingi data hii hufutwa kwa kisanduku kile kile cha vidakuzi, na hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Wakusanyaji wa takwimu wanaofanya kazi katika makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi au Rhino Camp, na wanaojaza fomu za KoboToolbox kupitia kivinjari mahali pasipo na mtandao, wanapaswa kujua kwamba majibu ambayo hayajatumwa yamo ndani ya kivinjari hicho tu. Ukifuta data ya tovuti kabla ya kuyatuma, mahojiano ya siku nzima yamekwenda, na hakuna fundi atakayeyarudisha. Tuma kwanza, hakikisha idadi ya fomu zinazosubiri imefika sifuri, ndipo ufute.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo liko huko

Kabla hujafuta chochote, fungua dirisha la faragha. Kwenye Chrome ya kompyuta unabonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P. Kwenye Chrome ya simu unagusa nukta tatu za menyu na kuchagua kichupo kipya cha faragha. Dirisha hilo huanza bila vidakuzi vyako vya kawaida na bila akiba ya zamani. Ukiandika humo anwani ya tovuti inayokusumbua na ukurasa ukafunguka vizuri, basi umepata ushahidi kwamba kasoro imo katika vitu vilivyohifadhiwa, au katika kiongezo fulani ulichokisakinisha kwenye kivinjari, kwa sababu viongezo vingi havifanyi kazi katika dirisha la faragha. Ukurasa ukigoma hata humo, kufuta akiba na vidakuzi huenda kusikusaidie chochote, na ni afadhali uende moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Jaribio la pili ni kuupakia ukurasa upya kwa nguvu. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl na F5, au Ctrl, Shift na R. Kwenye kompyuta ya Mac, Chrome na Firefox hutumia Command, Shift na R. Amri hiyo hukilazimisha kivinjari kuziacha nakala zake na kuleta faili za ukurasa ule kutoka kwenye seva. Haigusi vidakuzi, haikutoi kwenye akaunti, na haiharibu akiba ya tovuti nyingine. Kwa ukurasa uliovurugika sura tu, mara nyingi dawa huwa ni hiyo na huhitaji kuendelea.

Dalili za vidakuzi vibovu ni tofauti. Tovuti inakubali neno lako la siri kisha inakurudisha mwanzo. Kivinjari kinasema kwamba ukurasa umekuelekeza upya mara nyingi mno. Au unaona kosa lenye namba 400 linalotaja kwamba kidakuzi ni kikubwa kupita kiasi. Kwa dalili hizo, kupakia upya hakutoshi.

Mambo ya kuweka sawa kabla ya kufuta

Ukifuta vidakuzi, utatolewa kwenye akaunti za tovuti zinazohusika. Hilo si tatizo kwa mtu anayeyajua maneno yake ya siri, lakini wengi wetu tuliingia kwenye barua pepe siku tuliponunua simu na hatujaandika neno la siri tena tangu hapo. Jaribu kulikumbuka sasa, si baadaye. Kama kivinjari ndicho kinachokutunzia, angalia katika mipangilio yake kwamba kweli limo.

Kuna jambo jingine ambalo hupuuzwa. Tovuti nyingi, zikikosa vidakuzi vyake vya zamani, hukichukulia kifaa chako kuwa kigeni na kutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ikiwa laini uliyoandikisha ni ile uliyoipoteza au uliyoacha kuitumia, ujumbe utakwenda usikokufikia na utabaki nje ya akaunti yako mwenyewe. Kwa hiyo, wakati bado umo ndani, ingia kwenye mipangilio ya akaunti na ubadilishe namba ya simu iwe ile unayoishika mkononi leo.

Kufuta tovuti moja peke yake

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kila mtu mwenye simu au kompyuta yake, na ninasikitika kwamba haifundishwi mara kwa mara kama ile ya kufuta vyote. Tovuti moja ikigoma, hakuna sababu ya kuziadhibu nyingine hamsini.

Kwenye Chrome ya simu ya Android, gusa nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, ingia kwenye mipangilio, shuka hadi mipangilio ya tovuti, kisha chagua tovuti zote. Utaona orodha ya tovuti zilizoacha vitu katika simu yako pamoja na ukubwa wa kila moja. Tafuta ile inayokusumbua, iguse, kisha gusa chaguo la kufuta data na ukubali. Rudi kwenye ukurasa, upakie upya, na uingie kwa neno lako la siri.

Kwenye Chrome ya kompyuta, fungua tovuti yenyewe, bofya alama ndogo iliyo kushoto kwa anwani, chagua vidakuzi na data ya tovuti, kisha ingia mahali pa kudhibiti data iliyo kwenye kifaa. Kila jina lililoorodheshwa lina alama ya pipa la taka pembeni yake. Bofya pipa la jina la tovuti husika. Kwenye Firefox ya kompyuta njia ni fupi zaidi: bofya alama ya kufuli iliyo kwenye mstari wa anwani, na ndani ya kidirisha kinachotokea utakuta chaguo la kufuta vidakuzi na data ya tovuti hiyo.

Mwenye iPhone haingii kwenye Safari yenyewe bali kwenye mipangilio ya simu. Katika matoleo ya karibuni, Safari imewekwa ndani ya orodha ya programu. Katika yale ya zamani iko kwenye orodha kuu ya mipangilio. Ukishaifungua, shuka mpaka chini kabisa kwenye mipangilio ya kina, gusa data ya tovuti, tafuta jina, kisha litelezeshe upande wa kushoto ili kulifuta.

Kufuta vyote

Zipo nyakati ambapo kufuta vyote ndiyo kazi sahihi: simu imejaa, tovuti nyingi zinasumbua kwa pamoja, au unampa mtu mwingine kifaa. Kwenye kompyuta ya Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Delete vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha la kufutia katika Chrome, Edge na Firefox, na kwa hiyo ni amri moja inayofaa kukaririwa hata na mtu asiyejua menyu za kila programu.

Ndani ya dirisha hilo kuna mambo mawili ya kuchagua. La kwanza ni muda. Chrome inaweza kufuta vya saa moja iliyopita, saa 24, siku saba, wiki nne, au vya tangu mwanzo. Ikiwa shida imeanza leo asubuhi, hakuna haja ya kurudi nyuma zaidi ya saa 24. Ikiwa hujui ilipoanzia, chagua tangu mwanzo. La pili ni visanduku. Kwa kawaida kimoja ni cha historia ya kurasa ulizotembelea, kingine ni cha vidakuzi na data ya tovuti, na kingine ni cha picha na faili zilizo katika akiba. Soma kila kisanduku kabla ya kukitia alama. Kwa ukurasa uliovurugika sura, tia alama kwenye akiba tu. Kwa tovuti inayokataa kukuingiza, tia pia kwenye vidakuzi. Historia haihusiki na lolote kati ya hayo, na kuifuta kutakunyima tu uwezo wa kurudia kurasa ulizozisahau majina. Visanduku vya maneno ya siri na vya fomu zinazojazwa zenyewe viache wazi kabisa, isipokuwa uwe na sababu unayoijua.

Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa mtu aliyeunganisha vifaa vyake. Ukiwa umewasha usawazishaji katika Chrome, kufuta historia au maneno ya siri kwenye kompyuta huyafuta pia kwenye simu. Akiba na vidakuzi havisawazishwi, hivyo hufutika pale ulipo tu. Kwa Safari, kufuta historia kwenye iPhone kunaifuta kwenye vifaa vingine vilivyoingia katika akaunti ile ile ya iCloud.

Kwenye Chrome ya Android, gusa nukta tatu na uchague kufuta data ya kuvinjari. Huenda kikatokea kidirisha kidogo kinachopendekeza kufuta dakika 15 zilizopita. Usikikubali kwa haraka, bali gusa chaguo zaidi ili uone visanduku vyote. Firefox ya Android ina orodha ya namna hiyo katika mipangilio yake, lakini humo kuna pia kisanduku cha vichupo vilivyo wazi, ambacho unapaswa kukiondolea alama ikiwa una kurasa unazozisubiri. Watumiaji wa Opera Mini watakuta chaguo la kufuta data ndani ya mipangilio. Wajue tu kwamba katika hali yake ya kubana data kwa kiwango cha juu, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera zinakopunguzwa ukubwa, na kwa hiyo baadhi ya tovuti zenye fomu ndefu zinaweza kugoma kwa sababu hiyo hata kama akiba ni safi. Kwa fomu za serikali na za benki, ni bora kutumia kivinjari kingine au kuizima hali hiyo.

Kosa moja linalowapata wengi wenye simu za Android ni kupita kwenye mipangilio ya simu badala ya kivinjari chenyewe. Ukiingia kwenye orodha ya programu, ukachagua kivinjari na kufungua sehemu ya hifadhi, utaona chaguo la kufuta akiba na jingine la kufuta data yote. La kwanza halina madhara. La pili hukirudisha kivinjari katika hali ya siku kilipofika kwenye simu, vichupo na mipangilio vikiwa vimetoweka. Usiliguse ikiwa nia yako ilikuwa kurekebisha ukurasa mmoja.

Kwenye kompyuta ya duka, ya shule au ya rafiki

Maombi mengi muhimu nchini mwetu hufanywa kwenye kompyuta za kulipia: namba ya mlipa kodi, pasipoti, nafasi za masomo Makerere na kwingineko, kazi za serikali. Mtu huketi, hufungua barua pepe yake, hupakia picha ya kitambulisho cha taifa, hulipa na kuondoka. Sehemu hii ya mwongozo imeandikwa hasa kwa ajili yake.

Anza kwa kutumia dirisha la faragha au hali ya mgeni tangu mwanzo. Ukiyafunga madirisha yote ya faragha, vidakuzi vilivyowekwa humo hufutika. Dirisha hilo halimzuii mwenye mtandao kujua tovuti ulizotembelea, na halifuti faili ulizopakua, lakini linaondoa hatari kubwa ya kuacha akaunti yako wazi.

Ukimaliza, toka kwenye kila akaunti kwa kubofya kitufe cha kutoka cha tovuti yenyewe kabla ya kufuta chochote. Mpangilio huu una maana yake. Kitufe cha kutoka huiambia seva kwamba ule mfululizo wa herufi uliotolewa hautumiki tena, hivyo hata aliyeunakili hawezi kuutumia. Kufuta kidakuzi bila kutoka huondoa nakala ya kwenye kompyuta ile tu. Seva bado inaamini kwamba umo ndani. Kufunga dirisha la kawaida bila kutoka ni kubaya zaidi, kwa sababu kivinjari kilichowekwa kiendelee pale kilipoishia kinaweza kufunguka tena kikiwa na akaunti yako.

Jambo la kuzingatia kwa makini ni Chrome ambayo imeingizwa kwenye akaunti ya Google katika ngazi ya kivinjari, yaani pale picha au herufi ya jina lako inapoonekana juu karibu na menyu. Katika hali hiyo, kufuta vidakuzi hakukutoi kwenye akaunti ya Google. Unalazimika kubofya picha hiyo na kutoka hapo hapo. Na kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi neno la siri, kwenye kompyuta isiyo yako jibu liwe ni hapana, bila kujali haraka uliyo nayo. Kama ulikubali kimakosa, ingia kwenye mipangilio ya maneno ya siri na uliondoe.

Kisha fungua dirisha la kufutia kwa Ctrl, Shift na Delete, chagua muda unaofunika kipindi ulichokaa hapo, tia alama kwenye historia, vidakuzi na akiba, na ufute. Baada ya hapo fungua folda ya faili zilizopakuliwa. Hakuna kisanduku cha akiba kinachoigusa folda hiyo, na humo ndimo zinamobaki stakabadhi za malipo, fomu za pasipoti zilizojazwa, matokeo ya mitihani na picha za vitambulisho. Futa zako, kisha uzifute pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Kama karani wa duka ndiye aliyekupigia skani, mwombe afute faili hiyo mbele yako. Hilo ni ombi la haki na halimvunjii heshima.

Aliyekwisha kuondoka na kukumbuka njiani kwamba hakutoka hana haja ya kurudi dukani. Kwenye simu yake, afungue mipangilio ya usalama ya akaunti ya Google, atazame orodha ya vifaa na akitoe kile asichokitambua. Kwa WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kompyuta, aingie kwenye vifaa vilivyounganishwa ndani ya programu ya simu na aondoe kompyuta hiyo. Baada ya hapo abadilishe neno la siri.

Wenye maduka nao wanaweza kuwaondolea wateja wao mzigo huu. Firefox ina mpangilio wa kufuta vidakuzi na data ya tovuti kila inapofungwa. Edge inakuruhusu kuchagua vitu vya kufutwa kila unapoifunga. Chrome nayo inaweza kufuta data ya tovuti madirisha yake yote yakifungwa. Kuweka mpangilio huo ni kazi ya dakika chache kwa kila kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya au kutunza taarifa za watu azilinde, na duka lenye folda iliyojaa vitambulisho vya wateja wa mwaka mzima liko mbali na matakwa hayo.

Baada ya kufuta, na pale kufuta kusiposaidia

Usishtuke tovuti zikichelewa kufunguka kwa mara ya kwanza. Kivinjari kinazileta upya faili kilizokuwa nazo. Ikiwezekana fanya kazi hii ukiwa kwenye mtandao wa Wi-Fi wa ofisini au wa chuo badala ya bando lako. Tovuti nyingi zitakuuliza tena kuhusu vidakuzi, na hiyo ni nafasi nzuri ya kukataa vya matangazo na kuruhusu vile vya lazima tu.

Ikiwa ukurasa bado haufunguki, angalia tarehe na saa ya kifaa. Simu iliyozimika siku nyingi au kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huweza kuonyesha mwaka usio sahihi, na kivinjari kitazikataa tovuti zote salama kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama vimekwisha muda au havijaanza kutumika. Angalia salio la bando. Kama VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mahali pengine, imewashwa, izime ujaribu, kwa sababu tovuti nyingine hukataa wageni wanaoonekana kutoka nchi za nje. Kisha jaribu kwa mtandao mwingine, kwa mfano kwa kuazima mtandao kutoka simu ya laini tofauti. Zima viongezo vya kivinjari kimoja kimoja, hasa vinavyozuia matangazo, na usasishe kivinjari chenyewe ikiwa kimekaa muda mrefu bila kusasishwa.

Yote hayo yakishindikana, huenda kosa liko kwa wenye tovuti, na kazi inayobaki ni kuwaandikia. Waeleze aina ya simu au kompyuta, jina na toleo la kivinjari, saa uliyojaribu, maneno ya kosa kama yalivyoandikwa, na hatua ulizokwisha kuchukua, ukiambatisha picha ya skrini ambayo umefunika namba ya kitambulisho chako.